Programu huria si za dezo: Hesabu ya mfanyabiashara wa Guta

GUTA, BUNDA – Orodha ya gharama za mfanyabiashara wa ufukweni mwa Ghuba ya Speke imeongezeka mstari mmoja. Mbali na mafuta ya mashine, nyavu, betri za taa za dagaa, ushuru na nauli ya kupeleka mzigo Bunda, Musoma au Mwanza, sasa kuna gharama ya programu: ya kutunza hesabu za duka, ya kutoa risiti, ya kuandika akiba na mikopo ya wanachama wa SACCOS. Ni gharama mpya, na mara nyingi hulipwa bila mnunuzi kujua bei hiyo imejengwa juu ya kitu gani.

Katika kampuni zinazotengeneza programu, mambo yamebadilika kabisa. Miaka 25 iliyopita fundi aliyependekeza programu huria alitakiwa kujieleza mbele ya bosi wake. Leo anayetakiwa kujieleza ni yule asiyezifikiria kabisa. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa kazi mpya, swali la kwanza mezani ni hili: je, kipo kitu kilichokwisha andikwa na kuachwa wazi, tukianzie hapo?

Mabadiliko hayo yanamhusu muuza dagaa wa Guta kwa sababu moja. Fundi aliyeuza programu Bunda au Mwanza kwa bei ya mamilioni huenda sehemu kubwa ya mzigo wake aliikuta bure. Hilo si kosa wala si wizi. Lakini mnunuzi asiyelijua hana nguvu ya kupatana bei.

MAANA YAKE

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na fundi ili kompyuta iyafuate. Maandishi hayo ya asili huitwa msimbo. Anayenunua programu iliyofungwa hupewa haki ya kuitumia tu. Msimbo hubaki kabatini mwa mwenye mali. Ikiharibika, au sheria ya kodi ikibadilika, ni mwenye mali pekee anayeweza kuirekebisha, kwa bei na kwa muda anaoutaka yeye.

Programu huria huja na msimbo wake, pamoja na leseni inayomruhusu mpokeaji kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia mwingine. Leseni hizo ni za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza, ambalo maarufu wake ni GPL iliyotoka 1989, linasema anayeisambaza programu baada ya kuirekebisha lazima naye aache msimbo wake wazi. Kundi la pili, kama leseni za MIT, BSD na Apache, ni jepesi zaidi: mtu anaweza kuichukua, kuiongezea yake na kuuza mchanganyiko huo ukiwa umefungwa.

Mvuvi anaielewa tofauti hii bila kwenda darasani. Anaponunua mashine ya boti haulizi nguvu yake peke yake. Anauliza kama vipuri vinapatikana Bunda na Mwanza, na kama fundi yeyote wa mwaloni anaweza kuifungua. Mashine ambayo fundi wake ni mmoja tu, tena yuko Dar es Salaam, haiendi ziwani hata ikiwa nzuri namna gani.

HISTORIA KATIKA BEI ZA SOKO

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta kilichoitwa Linux. Apache, programu ya kuendeshea seva za tovuti, na MySQL ya kuhifadhi kumbukumbu zilitoka 1995. Wakati huo wakubwa wa biashara waliziona kama michezo ya wanafunzi.

Soko la mitaji lilianza kufikiri tofauti Agosti 1999, kampuni ya Red Hat ya Marekani ilipouza hisa zake kwa umma. Hisa iliyotolewa kwa dola 14 ilifunga siku ya kwanza ikiwa juu ya dola 50. Wengi waliduwaa: kampuni hii inauza Linux, na Linux hutolewa bure, je, mapato yatatoka wapi? Jibu lilikuwa huduma. Benki na mashirika makubwa waliilipa Red Hat kila mwaka iwaangalizie mitambo, iwaletee marekebisho na iwapokelee simu usiku wa manane. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Februari 2012, mapato ya kampuni hiyo yalivuka dola bilioni 1.

Julai 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 34, sawa na dola 190 kwa hisa. Hisa hizo ziliwahi kugawanywa katikati, kwa hiyo bei ya 1999 na ya 2019 hazilinganishwi moja kwa moja. Aidha, kati ya miaka hiyo lilipita anguko la hisa za kompyuta la 2000 na 2001 ambalo liliwaumiza waliokurupuka kununua bei ilipokuwa juu.

Kampuni ya Microsoft ni mfano mwingine. Mwaka 2001 mtendaji mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 Microsoft hiyo hiyo ililipa dola bilioni 7.5 kuinunua GitHub, ghala ambako mafundi wa dunia nzima huweka misimbo yao wazi. Hakuna anayelipa kiasi hicho kwa mchezo wa wanafunzi.

Januari 2024 watafiti watatu, akiwamo Frank Nagle wa Harvard, walikadiria thamani ya programu huria kwa wanaozitumia kuwa dola trilioni 8.8, na kwamba bila programu hizo kampuni zingelazimika kutumia mara 3.5 ya fedha zinazotumia sasa kwa programu. Hata anayeyatilia shaka makadirio hayo anaweza kuangalia mfukoni mwake: simu za Android, zilizoanza kuuzwa 2008, zinaendeshwa na kiini cha Linux. Wakala wa fedha anayetumia simu ya aina hiyo pale Guta tayari ni mtumiaji wa programu huria.

SOMO LA PAMBA

Wilaya ya Bunda imewahi kupita katika njia inayofanana na hii, katika pamba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja: chama cha msingi, kilichopeleka mzigo kwa chama kikuu cha ushirika. Bei ilipangwa mbali, malipo yalichelewa, na asiyeridhika hakuwa na pa kwenda. Hiyo ndiyo hali ya mteja wa programu iliyofungwa.

Sheria iliyopitishwa 1994 ilifungua mlango. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu mkononi. Lakini tatizo jipya lilizaliwa. Kwa kuwa kila mnunuzi aligombania mzigo, pamba safi na pamba chafu zilianza kulipwa bei moja, madaraja yakachanganywa, na sifa ya pamba ya Tanzania katika soko la nje ikashuka. Uhuru wa kuuza ulipatikana, lakini kazi ya kukagua ilikosa mwenyewe. Ndiyo maana mzani na daraja vimebaki hoja katika zao hili, na mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba ipitie tena katika vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Programu huria zina tatizo hilo hilo, na zimelitafutia jibu linalofanana. Zile zinazoaminika zaidi haziko mikononi mwa fundi mmoja, ziko chini ya taasisi zinazofanya kazi kama AMCOS za waandishi wa programu. Apache Software Foundation ilianzishwa 1999, na Linux Foundation 2007. Taasisi hizi hutunza jina, hupokea michango ya kampuni, na huweka utaratibu wa nani anaruhusiwa kuingiza mabadiliko. Mnunuzi anayeambiwa programu fulani ni huria anapaswa kuuliza mara moja: nani anashika mzani?

AFRIKA MASHARIKI IMEKWISHA ANZA

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Kumbukumbu zinaonyesha vingine.

Februari 2006 OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, katika huduma za wagonjwa wa Ukimwi. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, vijana wa Nairobi walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani, kisha wakaiacha wazi. Miaka miwili baadaye ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti.

Kwa Tanzania mfano mkubwa ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994. Kenya iliusambaza nchi nzima 2011, Tanzania ikafuata 2013, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikibeba sehemu kubwa ya kazi ya kitaalamu. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Funzo la kibiashara ni kwamba leseni haikugharimu kitu, lakini fedha nyingi zilikwenda kwenye mafunzo, seva, mtandao na mishahara ya wataalamu. Tofauti ni kwamba sehemu ya fedha hizo ilibaki nchini na kuzaa wataalamu.

Mfano wa pili unafundisha kwa namna nyingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kuomba kibali kwa mwenye mali. Hata hivyo, kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri huhitaji mtu wa kuiendeleza mwaka hadi mwaka. Kuanza kunaweza kulipiwa na mfadhili. Kuendelea kunahitaji soko.

Mkoani Mara kwenyewe uwazi umeokoa watu. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji vya Tanzania katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiongezea. Kazi ilianzia Mugumu, Serengeti, ambako wasichana wanaokimbia kukeketwa walikuwa wakitafutwa usiku katika vijiji visivyokuwamo katika ramani yoyote. Shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, limekuwa likiitumia ramani hiyo kuwafikia. Ramani ni takwimu huria kuliko kuwa programu, lakini kanuni ni ile ile, na msafirishaji wa mizigo anaweza kuipakua barabara ile ile bila kulipa leseni.

Haki inadai kusema pia kwamba programu iliyofungwa haishindwi kwa kuwa imefungwa. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania 2008, haikuwa huria, na imebadili biashara ya eneo hili kuliko programu yoyote. Lakini jukwaa na jina vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ya Kenya ilikuwa ikiilipa ada. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom zilikamilisha kuvinunua kwa pamoja. Kampuni kubwa kama hizo ziliona ni heri kumiliki kuliko kulipa ada bila mwisho.

HESABU YA MIAKA MITANO

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kukokotoa tu, si bei za soko. Chukulia SACCOS ya wanachama 400 inayotaka programu ya akiba na mikopo.

Muuzaji wa kwanza ana programu iliyofungwa, na anatoza Sh 500 kwa mwanachama kwa mwezi. Hiyo ni Sh 200,000 kwa mwezi, Sh milioni 2.4 kwa mwaka, na Sh milioni 12 kwa miaka mitano.

Muuzaji wa pili analeta programu huria. Kwa kazi hii zipo kama Fineract, iliyotokana na Mifos ya mwaka 2006 na kuwekwa rasmi chini ya Apache 2017. Leseni ni sifuri. Anatoza Sh milioni 3 kuisimika na kuhamisha daftari, Sh milioni 1 ya mafunzo, na Sh milioni 1.2 kwa mwaka ya uangalizi. Chama kinanunua kompyuta ya akiba na diski za kuhifadhia nakala kwa Sh milioni 1.5. Jumla ya miaka mitano ni Sh milioni 11.5.

Tofauti ni Sh 500,000 tu. Aliyeahidiwa kitu cha bure atajiona ametapeliwa. Lakini hesabu haiishii hapo. Wanachama wakiongezeka hadi 800, muuzaji wa kwanza atadai Sh milioni 24 kwa miaka mitano, wakati gharama za wa pili hazitapanda kwa kiwango hicho, maana programu haihesabu vichwa. Kinyume chake, chama chenye wanachama 100 kingelipa Sh milioni 3 tu kwa muuzaji wa kwanza, na hapo programu huria ingekuwa hasara ya wazi.

Kuna na thamani isiyoandikwa kwenye ankara. Muuzaji wa kwanza akifunga ofisi, chama kinaweza kubaki na kumbukumbu ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Wa pili akifunga ofisi, msimbo upo, na fundi mwingine anaweza kuitwa. Ni sawa na dhamana ya mkopo: haionekani kuwa na faida hadi siku mambo yanapoharibika.

HATARI ZILIZOPO

Wanaouza programu huria kwa maneno matamu husema msimbo ulio wazi ni salama kwa sababu macho mengi huukagua. Rekodi inaonyesha kuwa macho hayo wakati mwingine huwa yamelala.

Aprili 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed katika OpenSSL, programu inayofunga siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili. Desemba 2021 ikafuata ya Log4j, iliyokuwa ndani ya maelfu ya programu za makampuni na serikali, ingawa walioitunza walikuwa watu wachache wa kujitolea. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kompyuta yake inachelewa nusu sekunde hivi katika kuingia. Alipofuatilia alikuta mtu amejipenyeza kwa subira ya miaka katika programu ndogo iitwayo xz na kutega mlango wa nyuma. Mtego huo uligunduliwa kabla haujasambaa kwa wengi.

Kwa mfanyabiashara mdogo tafsiri yake ni fupi. Programu huria isiyopata marekebisho ni duka lisilofungwa mlango. Ada ya uangalizi si mapambo kwenye mkataba.

Hatari ya pili ni mwenye mali kubadili nia. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp, na Machi 2024 kampuni ya Redis, zilibadili leseni za programu zao zilizokuwa huria ili kuwabana washindani. Katika kesi ya Redis, washindani walichukua msimbo wa zamani mwezi huo huo na kuanzisha Valkey chini ya Linux Foundation, na Mei 2025 Redis ikarudisha leseni huria. Soko lilijibu, lakini waliokuwa katikati walipata usumbufu wa zaidi ya mwaka mmoja. Programu inayomilikiwa na kampuni moja, hata kama ni huria, si sawa na inayotunzwa na taasisi ya wengi.

KODI NA SHERIA

Programu ya bure iliyoandikwa Ubelgiji au India haiijui TRA. Odoo ilianzia Ubelgiji na ERPNext India. Zote mbili hushika hesabu za duka, bidhaa ghalani na wadeni, na zina matoleo huria. Lakini tangu 2010 mfanyabiashara anayehusika hutakiwa kutoa risiti ya mashine ya kodi, na sasa unapo pia utaratibu wa kutoa risiti hiyo kwa programu. Lazima mtu aunganishe kimoja na kingine. Habari njema ni kwamba kazi za namna hiyo zimekwisha fanywa Dar es Salaam kwa ERPNext na kuachwa wazi. Fundi anayedai fedha za kuiandika upya kutoka mwanzo aulizwe kwa nini.

Kwa SACCOS, programu iweze kutoa taarifa zinazotakiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inambebesha anayetunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Kusema "fundi ndiye alijua" si utetezi.

Upo pia mtindo wa kuweka kompyuta za ofisi kopi za wizi za programu za kulipia. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaulinda msimbo kama inavyolinda kitabu, na kopi hizo mara nyingi huja na virusi. Kwa barua na jedwali la mahesabu, LibreOffice inayotolewa huria tangu 2010 inatosha ofisi nyingi za vijijini.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Mnunuzi wa Guta, Bunda au Butiama anashauriwa kumuuliza muuzaji mambo sita, na majibu yaandikwe kwenye mkataba:

1. Programu hii imejengwa juu ya nini, na leseni yake ni ipi? Muuzaji asiyeweza kujibu haijui mali yake.

2. Bei imegawanyika vipi kati ya leseni, usimikaji, mafunzo na uangalizi? Ikiwa programu ni huria na mstari wa leseni una fedha, apewe nafasi ya kueleza.

3. Mbali na wewe, nani mwingine Bunda, Musoma au Mwanza anaweza kuirekebisha?

4. Kumbukumbu zangu nazitoaje siku nikitaka kuhama, na katika muundo gani? Aonyeshe papo hapo, asieleze kwa mdomo.

5. Inafanya kazi intaneti ikikatika? Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, sehemu kubwa ya Tanzania na jirani zake ilikosa intaneti ya kuaminika, na waliotegemea seva za mbali peke yake walisimama.

6. Marekebisho ya usalama huletwa lini, na nani anayalipia?

Kwa mwenye duka moja na bidhaa chache, jibu la maswali hayo linaweza kuwa daftari na simu aliyonayo. Si aibu. Programu ambayo haijazwi kila jioni ni hasara iwe huria au imefungwa.

UPANDE WA MTAJI

Wenye mitaji midogo wanaotafuta faida wasitazame programu zenyewe, watazame huduma zinazozizunguka. Red Hat haikutajirika kwa kuuza Linux, ilitajirika kwa kuitunza. Katika kiwango cha wilaya, biashara hiyo ni vijana wawili au watatu wenye ujuzi, kompyuta za akiba, pikipiki, na mikataba ya uangalizi ya SACCOS, shule, maduka ya dawa na maghala. Mtaji wake ni mdogo kuliko wa boti na nyavu. Ugumu wake ni kupata mafundi wanaobaki. Akiondoka mmoja kwenda Mwanza, mikataba huyumba. Mwekezaji aangalie kwanza kama kuna angalau wawili wanaoijua kazi hiyo hiyo.

Kwa hisa za kampuni za nje, tahadhari ya 1999 haijapitwa na wakati. Neno "huria" katika jina la kampuni halionyeshi mapato. Kinachoonyesha ni idadi ya wateja wanaorudi kulipia huduma mwaka wa pili.

Kwa wafanyabiashara wa dagaa, kipindi cha mbalamwezi, taa zinapozimwa na mzigo kupungua, ndicho kizuri cha majaribio. Programu iendeshwe sambamba na daftari kwa mwezi mzima, hadi mbalamwezi inayofuata. Jumla zikilingana, mkataba usainiwe. Zisipolingana, muuzaji arudi na msimbo wake, na mfanyabiashara abaki na fedha yake.